Kompyuta Zilizolala Dukani: Jinsi ya Kuzizuia na Jinsi ya Kuziondoa

Mfanyabiashara wa kompyuta wa Malindi au Lamu anapopigiwa simu na muuzaji wa jumla wa Mombasa mwishoni mwa mwezi wa tatu, akaambiwa kwamba kuna laptopu za bei nafuu mno lakini ni sharti achukue 12 kabla ya Jumamosi, jambo la kwanza analopaswa kujiuliza si faida atakayoipata, bali ni kwa nini bei hiyo imeshuka na kwa nini imeshuka wiki hii. Mara nyingi jibu halipo Mombasa wala Nairobi. Liko kwa mtengenezaji aliyeunda mashine nyingi kuliko zinazonunuliwa, akawapelekea wasambazaji, nao wakawapelekea wauzaji wa jumla, hadi ziada ile ikafika mwisho wa mkondo, yaani kwenye rafu ya duka la Barabara ya Lamu mjini Malindi au la Langoni kisiwani Lamu, ambako hakuna tena mwenye duka mwingine wa kupelekewa. Mwongozo huu ni wa mtu huyo wa mwisho. Yeye ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote waliomtangulia, na ndiye ambaye mara nyingi hubakia na mzigo wakati wenzake wote wamekwisha kuandika vitabuni kwamba wameuza.

Ziada inatoka wapi

Ni vyema kuelewa kwanza jinsi mauzo yanavyohesabiwa huko juu. Kwa kawaida mtengenezaji huhesabu kwamba ameuza pale anapomkabidhi msambazaji mzigo, hata kama hakuna mteja hata mmoja aliyefungua boksi na kuiwasha mashine. Hesabu za kampuni hizo hufungwa kila baada ya miezi mitatu, na maafisa wao wa mauzo huwa na shabaha ya kufikia kabla ya siku ya kufunga. Kwa hiyo wiki za mwisho za kila robo ya mwaka huja na punguzo, zawadi na mikopo ya muda mrefu, si kwa sababu watu wa Malindi wameanza ghafla kuhitaji kompyuta zaidi, bali kwa sababu mtu fulani mbali sana anahitaji kutimiza shabaha yake.

Yaliyoipata kampuni ya Apple mwaka 2000 yanaonyesha jambo hili waziwazi. Mwezi wa Julai mwaka huo ilizindua kompyuta ndogo yenye umbo la mchemraba, Power Mac G4 Cube, ambayo bei yake ilianzia dola 1,799, na wanunuzi hawakuikimbilia kama ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa Septemba kampuni ilitangaza kwamba mauzo na faida yake vingekuwa chini ya matarajio, na kesho yake bei ya hisa zake ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Lililo muhimu kwetu ni lililofuata. Mkondo wa usambazaji ulikuwa umejaa mashine za kutosha mauzo ya takriban wiki 11, na ili kuzipunguza hadi wiki 5 na nusu hivi, Apple ililazimika kushusha bei, kuwarudishia wanunuzi sehemu ya fedha zao, na kupeleka madukani mzigo mdogo kuliko uliokuwa ukiuzwa. Katika robo ya mwaka iliyoishia Desemba 2000 mapato yake yalishuka hadi takriban dola bilioni 1, na hasara ikawa dola milioni 195. Utengenezaji wa Cube ulisitishwa Julai 2001.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, Compaq ilikuwa ndiyo kampuni kubwa kuliko zote duniani katika uuzaji wa kompyuta za binafsi, na ukubwa huo haukuisaidia. Wasambazaji wake walikuwa na mashine nyingi kupita kiasi, kampuni ikashusha bei ili ziondoke, na faida ya robo ya kwanza ya mwaka huo ikabakia dola milioni 16 tu. Wakati huohuo Dell, iliyokuwa ikimuuzia mteja moja kwa moja na kuiunda mashine baada ya oda kuingia, ilikuwa na akiba ya siku chache tu, hivyo bei za vipuri ziliposhuka ilinufaika mara moja, ilhali Compaq ilikuwa bado inahangaika kuondoa mashine zilizoundwa kwa vipuri vya bei ya zamani. Muuzaji wa rejareja hawezi kuiga kila alichofanya Dell, lakini anaweza kuliiga lile la msingi, nalo ni kukaa na mali kidogo na kuiagiza mara nyingi.

Chanzo cha pili cha ziada ni oda zisizo za kweli. Mwaka 2020, shule na ofisi zilipofungwa kwa sababu ya Korona na kila mtu akatafuta laptopu, bidhaa zilikuwa haba. Na penye uhaba, muuzaji anayehitaji mashine 10 huagiza 10 kwa kila mmoja wa wasambazaji watatu, akitumaini kwamba angalau mmoja atampa. Mtengenezaji huona oda za mashine 30, akaziamini, akaongeza uzalishaji. Mahitaji yalipotulia, mizigo ile ikaja yote kwa pamoja. Katika robo ya kwanza ya 2023, kwa hesabu ya kampuni ya utafiti ya IDC, kompyuta zilizosafirishwa duniani zilipungua kwa takriban asilimia 29 zikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, na Intel, inayotengeneza prosesa, yaani kipuri kinachofanya kazi ya ubongo wa kompyuta, ilipata hasara ya takriban dola bilioni 2.8. Basi usiagize mara tatu kitu unachokihitaji mara moja, hata pale uhaba unapokutisha. Oda yako ya ziada ni ndogo, lakini ikijumlishwa na za wenzako ndiyo inayotengeneza mzigo utakaokurudia.

Hesabu ya wiki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari linalohitajika si kubwa. Kwa kila aina ya mashine unayouza, andika tarehe iliyoingia, bei uliyonunulia, na tarehe iliyotoka. Kila Jumamosi jioni, chukua idadi ya mashine zilizomo dukani na ugawe kwa wastani wa mashine unazouza kwa wiki, ukitumia mauzo ya wiki 8 zilizopita. Jawabu utakalolipata ni idadi ya wiki ambazo mali hiyo ingekutosha iwapo hutaongeza hata moja.

Hesabu hiyo lazima ifanywe kwa kila aina peke yake. Tuseme duka lina laptopu 36 na huuza 3 kwa wiki. Kwa jumla hiyo ni akiba ya wiki 12, na mwenye duka anaweza kuridhika. Lakini akizitenganisha, huenda akakuta kwamba 16 ni za aina inayouzwa mbili na nusu kwa wiki, ambazo zitamalizika baada ya wiki 6 na ushei, na zile 20 zilizobakia ni za aina inayouzwa moja tu kila baada ya wiki mbili, nazo zinahitaji wiki 40. Hizo 20 ndizo zilizolala, na wastani wa jumla ulikuwa umezificha. Nimewaona wafanyabiashara hodari, watu wenye akili ya biashara kuliko wengi, wakishindwa kulipa kodi ya duka huku rafu zimejaa, kwa sababu walikuwa wakitazama jumla.

Kiwango kinachofaa ni kipi? Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120 za lami, na kifurushi kilichopakiwa kwenye basi asubuhi hufika mchana. Mwenye duka la Malindi hana sababu ya kukaa na zaidi ya wiki 4 za mashine zinazouzwa kwa kasi, na zile za polepole aweke moja ya kuonyesha na nyingine aiagize mteja akishatoa amana. Kwa Lamu hali ni tofauti kidogo, kwa sababu mzigo hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, ukashushwa gatini, ukapakiwa kwenye boti, kisha ukabebwa na hamali au punda hadi dukani, na barabara au bahari ikichafuka ratiba huvurugika. Wiki 6 ni kiwango cha busara kule, na kwa wino na karatasi za printa hata 8, kwa kuwa mteja wa saiba, yaani duka la huduma za intaneti na uchapaji, aliyeishiwa na wino hangoji boti.

Punguzo linapokuja

Turudi sasa kwa ile simu ya kutoka Mombasa, kwa sababu hapa ndipo maduka mengi yanapotumbukia. Tuseme laptopu ambayo kwa kawaida unainunua kwa shilingi 42,000 sasa unaambiwa utaipata kwa 38,500 ukichukua 12 kwa mara moja, nawe huuza mbili kwa mwezi. Punguzo ni shilingi 3,500 kwa kila mashine, yaani 42,000 kwa mzigo mzima, sawa na kupewa laptopu moja bure. Ofa hiyo inavutia, na si vibaya kuitazama kwa makini.

Ila mashine 12 zitachukua miezi 6 kumalizika. Mwezi wa kwanza utakuwa umezifungia fedha mashine 11 kwa wastani, wa pili 9, kisha 7, 5, 3 na 1, ambazo jumla yake ni sawa na kuihifadhi mashine moja kwa miezi 36. Ikiwa mtaji wako ni wa mkopo wa asilimia 1.5 kwa mwezi, gharama ya fedha hiyo ni shilingi 20,790. Ungenunua mbili mbili kila mwezi kwa bei ya zamani, gharama hiyo ingekuwa 3,780 tu. Tofauti ni 17,010. Hata kama hukopi, na wengi pwani hawakopi kwa riba, weka mahali pa riba ile faida ambayo fedha hizo zingekuletea katika bidhaa zinazotoka haraka, kama vile chaja na diski za kuongezea. Mpaka hapo bado punguzo lina faida ya shilingi 24,990.

Sasa tuseme baada ya miezi mitatu aina mpya inatoka na bei ya hii ya zamani inashuka sokoni kwa shilingi 6,000. Wewe bado una mashine 6. Umepoteza 36,000, na ile faida ya 24,990 imegeuka kuwa hasara ya 11,010. Jirani yako aliyekuwa akinunua mbili mbili hajapoteza kitu, kwa kuwa naye sasa ananunua kwa bei iliyoshuka. Hivyo punguzo lile lilikuwa ni malipo uliyopewa ili uibebe hatari ya bei kushuka, na swali la kweli ni kama malipo hayo yanatosha. Aliyekuuzia ana habari nyingi kuliko wewe kuhusu lini bei itashuka, na kwa sababu hiyo mimi nakushauri uanze kwa kudhani kwamba hayatoshi, hadi pale atakapokubali masharti nitakayoyataja.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba mkondo wa juu umejaa. Wauzaji wa jumla wawili au watatu wasiohusiana wanakupa aina ileile ya mashine katika wiki moja. Muda wa kulipa uliokuwa siku 14 unarefushwa kuwa 60 bila ya wewe kuomba. Unaambiwa kwamba ukitaka laptopu inayouzwa vizuri ni lazima uchukue pia printa fulani ambayo haijawahi kuulizwa dukani kwako. Mabandiko ya boksi yana tarehe ya kutengenezwa ya mwaka uliopita. Dalili nzito kuliko zote ni habari ya aina mpya inayokaribia, kwa sababu habari hiyo pekee hutosha kuua mauzo ya iliyopo. Osborne, kampuni ya Marekani iliyotengeneza mojawapo ya kompyuta za kwanza za kubebeka, ilitangaza mapema mwaka 1983 mashine zake zijazo, wauzaji wakafuta oda za ile iliyokuwa sokoni, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema kwamba kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini kila muuzaji wa kompyuta ameyaona mambo ya namna hiyo kwa kiwango chake. Fuatilia habari za bidhaa mpya angalau mara moja kwa mwezi.

Masharti ya kuomba

Sharti la kwanza, na lililo kubwa, ni kwamba bei ya jumla ikishuka ndani ya siku 60 au 90 tangu ununue, muuzaji akulipe tofauti kwa kila mashine ambayo bado unayo bila kuuzwa, ama kwa fedha taslimu ama kwa kuikata katika ankara inayofuata. Watengenezaji wakubwa huwapa wasambazaji wao ulinzi wa aina hii, na wasambazaji huwapa baadhi ya wauzaji wa jumla. Ni nadra kufika kwa mwenye duka wa Malindi kwa sababu ni nadra mwenye duka huyo kuuomba. Omba kwa heshima na kwa maandishi, ukiwa na orodha ya nambari za utambulisho zilizochapwa chini ya kila mashine, maana bila nambari hizo hutaweza kuthibitisha ni zipi zilizobakia.

La pili ni haki ya kurudisha au kubadilisha. Usiombe kurudisha vyote, kwa kuwa utakataliwa. Omba kwamba robo ya mzigo, ikiwa bado haijafunguliwa, iweze kubadilishwa kwa bidhaa nyingine za thamani ileile ndani ya siku 45, na mkubaliane mapema ni nani atakayelipia usafiri wa kurudi. Kwa mtu wa Lamu kipengele hiki cha usafiri ndicho kinachoamua kama haki hiyo ina maana au haina.

Ikiwa muuzaji ana hakika na maneno yake kwamba mashine zitanunuliwa mbio, akupe kwa mali kauli: wewe uzionyeshe na kuziuza, naye alipwe kila inapotoka. Utaratibu huu ni wa zamani sana katika biashara ya pwani, na haufai kuonewa haya. Tofauti ni kwamba uandikwe siku hizi, mkitaja bei, muda, na nani atabeba hasara mashine ikiibwa au ikiloa maji. Muuzaji anayekataa ulinzi wa bei, akakataa kubadilisha, na akakataa mali kauli, amekwisha kukuonyesha anachokiamini kuhusu mzigo wake.

Kabla ya kulipa, angalia pia muda wa dhamana. Kwa baadhi ya watengenezaji dhamana huanza kuhesabiwa tangu mashine ilipotoka kwao, si tangu mteja wako alipoinunua, isipokuwa uthibitisho wa ununuzi uwasilishwe ili tarehe irekebishwe. Ingiza nambari ya mashine moja au mbili katika tovuti ya mtengenezaji. Ukiona kwamba dhamana ya mwaka mmoja imebakiza miezi minne, umejua boksi lile limekaa ghalani kwa miezi minane, na unayo hoja ya kushusha bei zaidi au kukataa.

Misimu yetu

Mauzo ya kompyuta katika miji hii hayafanani mwaka mzima, na akiba inayotosha Januari ni mzigo mzito mwezi wa Mei. Shule hufunguliwa Januari, na wazazi wenye watoto vyuoni huulizia laptopu pale barua za kujiunga zinapotoka. Hoteli na nyumba za wageni za Malindi na Watamu hununua kabla ya msimu wa watalii wa Desemba, na kuanzia Aprili, mvua za masika zinapoanza na hoteli nyingi kufunga, fedha hupungua mjini hadi kwa mwenye bodaboda. Serikali ya kitaifa na zile za kaunti hufunga mwaka wao wa fedha tarehe 30 Juni, kwa hiyo oda za ofisi huja kwa wingi Mei na Juni, ingawa malipo yake yanaweza kukawia sana na hayafai kuhesabiwa kama fedha mpaka yaingie benki. Tarehe hiyohiyo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ripoti za kodi za mapato za watu binafsi, nazo saiba hujaa watu, wino na karatasi zikaondoka kwa kasi ambayo hutaiona tena mwaka huo. Lamu huwa na wageni wengi wakati wa Maulidi, ambayo husogea kila mwaka kwa kufuata mwezi mwandamo, lakini mgeni wa Maulidi hanunui kompyuta. Ananunua chaja, nyaya na vihifadhi data, na ndivyo unavyopaswa kuviweka mbele.

Punguza oda wiki 6 kabla ya msimu kwisha, si siku unapokwisha.

Mali ikishalala

Mashine ikifikisha siku 60 dukani bila kuuzwa, ihesabu kuwa inaanza kulala. Ikifikisha 90, imelala. Hatua ya kwanza ni kusimamisha oda yoyote ya aina hiyo, hata kama bei imeshuka tena, kwa maana kununua zaidi ili kushusha wastani wa bei ya kununulia ni njia ya kuongeza tatizo huku ukijifariji kwa hesabu. Hatua ya pili ni kuirudisha au kuibadilisha ikiwa ulipata haki hiyo, kabla siku hazijapita.

Baada ya hapo shusha bei, na uishushe mapema na kwa kiasi kinachoonekana. Kupunguza shilingi 500 kila mwezi hakumshawishi mtu. Hudhoofisha faida bila kuondoa mashine, na wateja wanaofahamiana, kama walivyo wa miji midogo, hujifunza kusubiri. Kupunguza 4,000 kwa mara moja, ukaeleza kwamba ni kwa mashine 8 zilizopo na mwisho wake ni tarehe fulani, huziondoa. Ikiwa hutaki kuigusa bei, ongeza thamani: mkoba, kipanya, kuwekewa programu na kuhamishiwa mafaili ya mashine ya zamani. Kazi ya kuhamisha mafaili hukugharimu saa moja ya kijana wako wa dukani, na kwa mwalimu au karani asiyejua kufanya hivyo ina thamani kubwa kuliko punguzo.

Njia ninayoithamini zaidi ni kutafuta mnunuzi mwenye mahitaji tofauti na ya mteja wa kawaida. Mashine ambayo kijana wa mjini anaiona nzito na ya kizamani inatosha kabisa kwa madrasa inayotaka kuhifadhi kumbukumbu za wanafunzi, kwa zahanati, kwa chama cha ushirika cha wavuvi, au kwa mwenye saiba anayetaka vituo sita vinavyofanana. Mwendee yeye, usimngoje. Mwandikie bei ya mashine sita pamoja na kuzifunga na kuzitunza kwa mwaka mmoja, na umruhusu alipe kwa mafungu matatu akitoa la kwanza siku ya kupokea. Vilevile, mali iliyolala Malindi huenda haijawahi kuonekana Lamu, Garsen au Mpeketoni. Wenye maduka wanaoaminiana wakibadilishana orodha za mali iliyolala mara moja kwa mwezi, kila mmoja ataokoa kitu.

Kuna tahadhari moja kuhusu laptopu za mtumba zinazoletwa kutoka Uingereza na kwingineko Ulaya, ambazo ni sehemu kubwa ya biashara yetu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mashirika ya Ulaya yamekuwa yakiziondoa mashine hizo kwa sababu hiyo, ndiyo maana bei yake ya jumla imekuwa nafuu. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba bado inafanya kazi vizuri, hasa ikiwekewa Linux, mfumo mbadala wa Windows, lakini mwambie mteja ukweli huo waziwazi, na usijaze ghala kwa mashine hizo kwa kudhani kwamba unafuu wake ni bahati.

Kuvunja mashine na kuuza skrini, RAM, kibodi na betri kimoja kimoja kuje mwisho kabisa. Hulipa vizuri kwa aina zilizouzwa kwa wingi mjini, kwani mafundi huulizia vipuri vyake, na hakulipi chochote kwa aina ambayo hakuna aliyeinunua.

Chumvi na unyevu

Mali iliyolala pwani haidumu katika hali yake. Hewa ya bahari hubeba chumvi inayokula viunganishi vya chuma, na unyevu wa wakati wa masika huingia hata katika boksi lililofungwa. Weka boksi juu ya mbao, mbali na ukuta wa matumbawe unaovuta maji, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uvibadilishe. Betri za lithiamu zihifadhiwe zikiwa na chaji ya karibu nusu na zikaguliwe kila baada ya miezi mitatu, maana betri iliyoachwa tupu kwa muda mrefu huweza kufa kabisa, na mteja atakayeifungua laptopu mpya isiyoshika chaji hatarudi kwako. Wino wa maji una tarehe ya mwisho na hukauka, ilhali tona ya unga huvumilia zaidi, kwa hiyo ukilazimika kukaa na akiba kubwa ya kimojawapo, iwe ni tona. Panga ili kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Jambo hili linajulikana na kila mtu, na bado hupuuzwa kila mzigo mpya unapowekwa mbele ya ule wa zamani.

Thamani ya kuandika daftarini

Kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu akiba ya bidhaa, IAS 2, inasema kwamba mali iandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi kitakachopatikana ikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuiuza, kwa kutumia kile kilicho kidogo. Laptopu uliyoinunua 42,000 ambayo leo haiwezi kukupatia zaidi ya 33,000 basi thamani yake ni 33,000, na tofauti ya 9,000 ni hasara ya mwaka huu, si ya siku utakapoiuza. Katika robo iliyoishia Machi 1996 Apple ilipunguza thamani ya akiba yake vitabuni kwa dola milioni 388, ndani ya hasara ya jumla ya dola milioni 740. Ilikuwa ni kiasi cha kutisha, lakini baada ya kukiandika, wasimamizi wake waliweza kuamua mambo kwa kutazama thamani halisi.

Wafanyabiashara Waislamu wa miji hii wanayo fursa ya kufanya hivyo kila mwaka wanapotoa zaka ya mali ya biashara, kwa kuwa kwa kauli ya wanazuoni wengi bidhaa huthaminiwa kwa bei ya soko ya siku ile, si kwa bei iliyonunuliwa, kisha ikatolewa asilimia 2.5. Anayeithamini mali yake kwa uaminifu siku hiyo tayari ana orodha anayoihitaji. Aichukue orodha ileile, aandike mbele ya kila mashine idadi ya siku ilizokaa dukani na bei ambayo kweli ingeweza kuuzwa wiki hii, kisha aanze na ile iliyokaa siku nyingi kuliko zote, aibadilishe bei yake kabla ya kufunga duka jioni hiyo, na kesho asubuhi ampigie simu mnunuzi wa kwanza anayemkumbuka kuwa aliwahi kuulizia kitu kinachofanana nayo.